MIPIRA YA NAMNA MBALI MBALI KATIKA GARI MOJA



Wako watakaocheka wakisoma habari hii. Watasema, Mkomani vichochoro havipitishi lori na mizigo yetu hubebwa na punda, basi Chama kina haja gani na mipira ya magari? Twawajibu hivi: tunalala Mkomani na Langoni, lakini riziki ya wengi wetu iko ng'ambo. Alfajiri twavuka kwa mashua hadi Mokowe, na huko ndiko yaliko malori na mabasi tunayoyaendesha, tunayoyapakia na kuyatengeneza. Anayekufa garini kule huzikwa huku.

Jambo lenyewe ni hili. Mpira mmoja ukiisha, tajiri hununua mmoja tu, tena uliokwisha tumika, wa namna yo yote aliyoipata kwa bei ndogo. Baadaye hununua mwingine wa namna nyingine. Mwaka haupiti, gari lina mipira minne na kila mmoja una kabila lake. Dereva akiuliza, huambiwa: "Si yote ni mviringo?"

Kila mtoto wa Mkomani ajua kwamba shogi likizidi upande mmoja, punda huenda mrama. Gari ni vivyo hivyo. Mpira wenye meno na mpira uliolika haushiki njia sawa. Ukipiga breki penye maji, upande mmoja hushika, wa pili huteleza, na usukani huvutwa mkononi mwako. Vipimo vikihitilafiana katika ekseli ya nyuma, difu haipumziki hata njia ikiwa imenyooka. Katika lori lenye mipira miwili miwili nyuma, ule mkubwa hubeba mzigo wa mwenzake, hupata moto na kupasuka, na mdogo huburuzwa ukalika bure.

Mabaya kupita yote ni kuchanganya mipira ya radiali, yenye herufi R ubavuni kama 205/65 R15, na ile ya zamani ambayo nyuzi zake zimekingamana. Ukitia radiali mbele na ya zamani nyuma, penye kona nyuma hukimbia kwanza, na gari hugeuka kabla dereva hajajua la kufanya.

Zamani njia ya Mokowe hadi Garsen kupitia Witu, kama kilomita 135, ilikuwa mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Gari lilikwenda polepole, na ubaya wa mipira ulijificha. Sasa njia ina lami. Hatuikatai neema hiyo, tuliingoja miaka mingi. Lakini mwendo umezidi, na mipira ni ile ile ya kuokoteza.

Wako mafundi wasemao kwamba mipira mipya ikiwa miwili tu, iwekwe mbele. Hatuafikiani nao. Mbele ikiteleza, dereva huhisi usukani mwepesi akapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, hapana onyo. Mipya iwekwe nyuma.

Tunalotaka kwa matajiri si kubwa: mipira inunuliwe miwili miwili, na katika ekseli moja iwe ya namna moja, kipimo kimoja na meno sawa. Wanaonunua iliyotumika wasome tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na wakome kukata mshahara wa dereva mpira unapopasuka. Aliyeuchagua kwa urahisi wake ndiye aulipie.

Sheria ya Barabarani, Sura ya 403, yataja mipira waziwazi. Lakini askari akisimamisha gari, anayeshikwa kwanza ni aliye kwenye usukani; tajiri yuko barazani anakunywa kahawa. Basi tumieni Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Hiyo yampa mfanya kazi wajibu wa kumwarifu msimamizi aonapo hatari kubwa, na yamkataza tajiri kumrudisha kazini kabla hatari haijaondolewa. Arifuni kwa maandishi kabla ya kuwasha gari, mkaweke nakala. Mwanachama atakayefukuzwa kwa ajili hiyo ailete nakala yake kwa katibu wa tawi, kabla ya kutia sahihi karatasi yo yote ya tajiri.