Kakao ni Neema, si Badala ya Dawa



Ndugu zangu wa Lobule na Koboko, siku hizi mgonjwa wa presha huambiwa: kunywa kakao, kolesteroli itashuka. Si uongo mtupu. Kakao, hata hii inayolimwa Bundibugyo hapa Uganda, ina polifenoli, ambazo husaidia kuzuia mafuta ya damu yasiharibiwe na oksijeni. Majaribio mafupi yameonyesha kolesteroli mbaya ikishuka, lakini kidogo tu.

Utafiti wa COSMOS wa Marekani, uliotangazwa 2022, ulifuatilia wazee zaidi ya 21,000, nusu yao wakipewa vidonge vya kakao. Vifo vya moyo vilipungua, ila maradhi ya moyo kwa jumla hayakupungua kwa kiasi cha kutegemewa. Na hivyo ni vidonge, si chokoleti ya dukani iliyojaa sukari.

Wazazi wenzangu, kikombe cha kakao isiyo na sukari nyingi ni kizuri, tumshukuru Allah. Lakini kumwachisha mzee dawa za hospitali kwa sababu yake ni kuichezea amana. Kutawakali si kuacha tiba.

Wabillahi tawfiq.