Kopo la Unga wa Magoti

Koplo mmoja wa polisi, mwenye kituo chake mjini Mbarara, alipopata likizo fupi alikwenda kumjulia hali mama yake huko Kabazana, katika makazi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Alimpelekea zawadi mbili: kitenge, na kopo la unga wa viungo. Kitenge kilipokewa kwa vigelegele. Kopo lilishikwa, likageuzwageuzwa, kisha mama akauliza: "Mwanangu, hiki ni chakula au ni dawa?"

Koplo hakuwa na jibu. Karatasi iliyobandikwa kwenye kopo ilisema kwamba unga huo huimarisha viungo. Haikusema kwamba unaponya ugonjwa wowote. Alichokumbuka ni maneno ya muuzaji tu, kwamba hata farasi wa mashindano huko Ulaya hulishwa unga wa namna hiyo, nao hukimbia kama upepo. Kwa maneno hayo alikuwa ametoa fedha ambazo zingeinunulia nyumba nzima maharage ya mwezi.

Habari za farasi si za uongo. Kabazana ni nchi ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, wala farasi hawapo. Lakini mtu aliyewahi kutunza farasi, kama askari wa kikosi cha farasi na mbwa cha Polisi ya Tanzania, hujua kwamba mnyama anapozeeka huanza kukakamaa miguu asubuhi na kuchechemea kidogo atolewapo bandani. Huko Ulaya na Marekani wenye farasi kama huyo humnunulia glukosamini, itokanayo zaidi na magamba ya kamba na kaa, pamoja na kondroitini, itokanayo na gegedu za ng'ombe au papa. Fikra yenyewe ni nyepesi: ukuta ukibomoka, peleka matofali. Tatizo ni kwamba matofali yaliyotupwa mlangoni hayapandi ukutani yenyewe. Katika farasi, sehemu ndogo tu ya glukosamini iliyomezwa huingia katika damu. Tena, mwaka 2006 wataalamu walipopima bidhaa 23 za farasi, 9 kati yake zilikuwa na glukosamini pungufu ya ile iliyoandikwa juu ya kopo.

Kwa binadamu, uchunguzi mkubwa ulichapishwa Marekani mwaka huohuo. Wagonjwa 1,583 wenye magoti yaliyochakaa waligawanywa katika makundi, wakafuatwa kwa wiki 24. Katika kila 100 waliopewa glukosamini, 64 walipata nafuu ya kuonekana. Waliopewa glukosamini na kondroitini pamoja walikaribia 67. Na waliopewa vidonge vitupu, visivyo na dawa yoyote ndani yake? Walikuwa 60. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba yaweza kuwa ya bahati tu. Kundi dogo la wenye maumivu makali zaidi lilionekana kunufaika na mchanganyiko wa vitu hivyo viwili, lakini idadi yao haikutosha kuthibitisha neno. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa viungo cha Marekani kilishauri waziwazi kwamba mgonjwa wa goti asipewe glukosamini.

Kwa hiyo jirani anayeapa kwamba kopo limemponya hasemi uongo. Maumivu ya kuchakaa hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hukimbilia dukani yakiwa yamepanda. Yakishuka, sifa huenda kwa kopo.

Mama alikubali kwanza kwenda kituo cha afya kabla ya kufungua kifuniko, akafuatana na jirani yake ambaye naye alilalamikia viungo na alikuwa ameahidiwa nusu ya unga. Tabibu aliwauliza maswali yaleyale. Goti la mama lilikakamaa kwa dakika chache kila asubuhi, likauma zaidi jioni baada ya kazi, likalia kama changarawe lilipokunjwa. Hana homa, wala goti halina moto. Hiyo ni dalili ya gegedu kulika kwa miaka mingi. Jirani alikuwa na habari nyingine: homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku, na maziwa mabichi kila siku. Katika nchi ya ng'ombe swali la maziwa halina budi kuulizwa. Damu yake ilipimwa, ikaonekana ana brusela, ugonjwa ambao mtu huupata kwa maziwa yasiyochemshwa au kwa kumshika ng'ombe aliyetupa mimba. Hutibiwa kwa dawa mbili za kuua vijidudu, zinazomezwa pamoja kwa muda usiopungua wiki 6. Laiti angegawiwa unga ule, angekaa miezi akingoja nafuu huku ugonjwa ukiingia mifupani.

Goti lililovimba ghafla, likawa jekundu na la moto, mgonjwa akashikwa na homa au akashindwa kulikanyagia, halingoji unga wala kuchuliwa; hupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Aliyoambiwa mama hayakuwa na kopo. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mbele hadi goti liwe sawa, ahesabu mpaka tano, aushushe polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Msuli wa paja ukipata nguvu, hulipunguzia goti mzigo. Mkongojo ushikwe kwa mkono wa upande wa pili wa goti bovu, si upande uleule kama wengi wanavyofanya. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na kilo hizo zote hushukia magotini. Heri safari mbili za lita 10, au mjukuu mwenye baiskeli. Mwenye mwili mkubwa akipunguza kilo moja, goti lake hupunguziwa kiasi cha kilo nne kwa kila hatua. Siku ya maumivu makali, dawa ya kupaka au panado yaweza kusaidia. Diklofenaki ya vidonge isigeuzwe kuwa karanga, kwa sababu huchimba vidonda tumboni na kudhuru figo, hasa za wazee.

Wako pia wanaopita njia ya mkato hadi duka la dawa za mifugo. Fenilibutazoni, ambayo farasi hupewa kwa maumivu ya miguu, ilianza kutumiwa kwa binadamu mwaka 1949. Baadaye ilionekana inaweza kuua uboho, yaani kiwanda cha damu ndani ya mifupa, ikaondolewa katika nchi nyingi. Mnyama na mtu hawagawani chupa. Na unga au kidonge cha "mitishamba" kinachoondoa maumivu kwa siku moja kitiliwe shaka zaidi kuliko kisichofanya kitu. Mwaka 2022 serikali ya Marekani iliwaonya watu juu ya vidonge vya Artri King, vilivyouzwa kama tiba ya asili ya viungo: ndani yake ilikutwa diklofenaki na deksamethasoni, ambazo hazikuandikwa popote.

Kopo la koplo halikutupwa, kwa kuwa fedha ilikwisha kutoka. Mama hatumii warfarini ya kuzuia damu kuganda, wala kamba na kaa havimdhuru, kwa hiyo tabibu alimruhusu kulijaribu kwa miezi 3, kwa kipimo kisichozidi miligramu 1,500 za glukosamini kwa siku. Kila Jumapili binti yake huandika ukutani kwa mkaa ni hatua ngapi mama ametembea kwenda kisimani kabla goti halijauma. Hesabu hiyo isipopanda, kopo la pili halitanunuliwa. Koplo naye hupiga simu jioni kutoka Mbarara, na badala ya kuuliza habari za unga, humhesabia mama yake mguu: moja, mbili, tatu.