Uchungu wa Kahawa Haufuti Sukari

Ukipita Obunga mjini Kisumu alfajiri, utakuta akina mama wamekwisha kuamka. Wengine hawakulala sana, kwani atakaye mgongo wazi, yaani ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa ng'ambo, hana budi kuwahi. Kabla ya kutia kitu kinywani, wako wanaotafuta kikombe cha kahawa kali ili kufukuza usingizi.

Katika kibanda kimoja huko nilisikia mabishano. Kijana alimwambia mama mwuza samaki, "Mama, acha kahawa, itakuletea sukari." Mama akacheka. "Nyathina, sukari ninayo tayari. Hii chungu ndiyo dawa yangu. Vidonge nimeviweka kando."

Kwa maoni yangu wote wawili walikosea, lakini kosa la mama ndilo la hatari zaidi.

Tukila ugali, mkate au mandazi, chakula hicho hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Hapo kongosho hutoa insulini, ambayo huifungulia sukari mlango wa kuingia katika misuli. Kafeini iliyomo katika kahawa huifanya misuli iwe mizito kuitii insulini kwa saa chache. Mwenye afya hutoa insulini zaidi na mambo yakatulia. Mgonjwa wa kisukari hana akiba hiyo, basi sukari yake yaweza kukaa juu.

Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waliwajaribu watu 29 wenye afya. Baada ya usiku wa kuamshwa mara kwa mara, walipewa kinywaji cha sukari asubuhi, na damu yao haikuonyesha tofauti kubwa. Lakini walipotangulia kunywa kahawa kali isiyo na maziwa, sukari ilipanda kwa karibu nusu zaidi. Ushauri wao ulikuwa mwepesi: kula kwanza, kahawa baadaye. Je, hiyo si hali ileile ya mama wa Obunga?

Hata hivyo kijana naye asijigambe. Utafiti wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2002, uliowafuata watu wapatao 17,000, ulionyesha kwamba wanywaji wakubwa wa kahawa walipatwa na kisukari mara chache kuliko wanywaji wadogo. Pengine yamo mengine ndani ya buni yanayousaidia mwili baada ya miaka mingi. Lakini kupungukiwa na hatari ya kuugua si sawa na kuponywa ugonjwa.

Tatizo letu ni imani ya kale kwamba kichungu hufuta kitamu. Wazee wa Mombasa hunywa kahawa chungu kwa kashata au tende, na ni desturi nzuri ya barazani; lakini utamu ule wa kashata haupotei kwa sababu ulimi umeonja uchungu. Sisi nasi wa Nyanza, majirani wa mashamba ya miwa ya Chemelil na Muhoroni, twatia vijiko vinne katika kikombe kimoja, kisha twailaumu kahawa. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua!

Basi, mama yangu wa Obunga, sikunyang'anyi kikombe chako. Tangulia kula, hata kama ni kipande cha samaki na mboga, kisha unywe kahawa yako bila sukari. Vidonge virudi mahali pake leo hii, na ukiwa na shaka nenda ukapimwe katika hospitali ya Jaramogi, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia. Uchungu huonjwa na ulimi tu. Damu haina ulimi.