Nani Kampa Mtoto Dawa?

Kuna swali moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka tumbo linanicheza. Swali lenyewe dogo tu: "Nani kampa mtoto dawa?" Mwezi huu nimeamua niwasimulie, maana najua wengi wenu mnaishi kama sisi. Baba kazini, mama kazini, foleni asubuhi, foleni jioni, na mtoto anashinda nyumbani na dada. Bibi akija kutembea ndiyo raha zaidi, mikono ya kumbeba mtoto inaongezeka.

Na mikono ya kumpa dawa nayo inaongezeka. Hilo ndilo sikuwa nimelifikiria.

Ilikuwa Jumanne. Binti yetu alikuwa na miaka 2 na ushee, uzito kilo 12. Aliamka na joto, hana raha, uji hataki. Nikamwambia dada, "Akizidi kuchemka mpe kijiko kimoja cha dawa ya homa," halafu nikawahi basi. Mchana nilipiga simu. Dada akasema anaendelea vizuri, joto limeshuka, ila dawa imeisha. Nikamtumia mwenzangu ujumbe: "Nunua dawa ya homa ya mtoto." Yeye naye bize, akapita famasi iliyo jirani na ofisi yake, akanunua, akampa kijana wa bodaboda ailete nyumbani. Tukajiona wazazi wa kisasa kabisa!

Jioni saa 12 nikafika. Mtoto anachemka. Nikafungua chupa mpya, nikampa kijiko kimoja, nikaenda kuoga na kupumzika kidogo. Saa 2 usiku baba mtu akaingia, akamkuta binti yake analia, akambeba, akampa kijiko. Saa 3 nikatoka chumbani na kijiko mkononi nimpe kingine. Mama mkwe akashtuka: "Mama, si baba yake kampa sasa hivi?" Dada akajibu kutoka jikoni, "Na mimi nilimpa asubuhi, nikampa tena saa 7." Mama mkwe akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi saa 9 nilimsagia nusu kidonge. Niliogopa degedege."

Wakati tunatazamana, mtoto akatapika.

Sitaki kuwaficha, ndani ya gari tuligombana. Mume wangu alisema neno lililonichoma: "Wewe ndiye mama, ulitakiwa ujue." Na mimi sikumwacha: "Na wewe chupa uliyonunua ulisoma nini?" Mpaka tunafika mataa ya Morocco hakuna aliyekuwa anamsemesha mwenzake. Mtoto kalala begani kwangu, na mimi namhesabia pumzi.

Daktari wa zamu alikuwa dada mdogo tu, mpole. Akauliza maswali manne: mtoto ana kilo ngapi, kapewa dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Jamani! Watu wazima wawili, wote tuna digrii, hakuna aliyeweza kujibu yote manne. Ikabidi tupige simu nyumbani, dada asome lebo ya chupa ya zamani iliyokuwa kwenye ndoo ya taka.

Daktari akachukua karatasi akapiga hesabu. Chupa ya zamani ilikuwa na miligramu 120 kwa kila mililita 5. Vijiko viwili vya dada, 240. Nusu kidonge cha bibi, kidonge cha mtu mzima cha miligramu 500, hiyo ni 250. Chupa mpya sasa, lebo ilisema miligramu 250 kwa mililita 5, yaani ile ya watoto wakubwa, nguvu yake zaidi ya mara mbili! Kijiko changu 250, kijiko cha baba yake 250. Jumla 990, ndani ya saa 11. Mtoto wa kilo 12 kwa saa 24 nzima hatakiwi kuvuka 720.

Kila mmoja wetu alitoa dawa kwa upendo. Upendo wa watu wanne ukawa dozi iliyopitiliza.

Daktari alitutuliza kwamba kiasi kile siyo kile ambacho kwa kawaida huangamiza ini kwa mpigo, lakini hakukidharau. Alitueleza kwamba parasetamoli ikizidi huliumiza ini, na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa, anacheza, huku madhara yanaanza ndani kwa ndani. Mtoto ambaye hali chakula au kapungukiwa maji yuko hatarini zaidi. Dawa ya kuokoa ini ipo, ila inafanya kazi vizuri zaidi ikiwahi, ndani ya saa 8 tangu mtoto ameze dozi kubwa. Ndiyo maana ukigundua kosa hungoji asubuhi, hungoji aumwe, unakwenda na chupa mkononi.

Wakamtoa damu kuangalia ini. Halafu daktari akauliza, "Mmesafiri karibuni?" Tulikuwa tumerudi Muheza wiki mbili kabla, kumsalimia bibi na kumchukua aje kutembea. Akamchoma kidole, tone moja la damu kwenye kile kipimo cha haraka. Baada ya dakika 15, mistari miwili. Malaria.

Hapo ndipo miguu iliniisha nguvu. Kumbe siku nzima tulikuwa tunashusha joto, tunaambizana "anaendelea vizuri," na ugonjwa wenyewe uko pale pale unachapa kazi. Dawa ya homa haitibu malaria, haitibu nimonia, haitibu chochote kinacholeta homa. Inampa mtoto nafuu tu. Ni kama kuzima king'ora wakati mwizi bado yuko sebuleni.

Tulilala hospitali siku mbili. Ini lilikuwa salama, akatumia dawa ya mseto ikamaliza kazi, na leo hii ni mbishi kuliko baba yake. Ila niliyojifunza sikuyaacha wodini, nimekuja nayo.

Pima kilo, siyo umri

Kadi ya kliniki tunayoitupa kabatini ina uzito wa mtoto. Dozi ya parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa mara moja. Mtoto wa kilo 12 anapata miligramu 120 hadi 180. Kwa chupa ya 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 5 hadi 7.5. Kwa chupa ya 250 kwa mililita 5, kijiko kizima tayari kimepitiliza. Kati ya dozi na dozi zipite angalau saa 4, bora 6, na zisizidi dozi 4 kwa saa 24. Zikipita mara nne, homa bado ipo, jibu ni daktari, siyo kijiko cha tano.

Kijiko cha chai ni cha chai

Vijiko vya kabatini havilingani, na mililita 5 hazijaandikwa kwenye kijiko cha sukari. Tumia kikombe kinachokuja na dawa, au omba famasi bomba la sindano lisilo na sindano. Tikisa chupa kwanza, maana dawa hutulia chini. Mtoto wa kwanza akanywa maji matamu na wa mwisho akanywa dawa yenyewe. Na usimwambie mtoto ni juisi. Siku moja ataifuata mwenyewe.

Soma kilichomo, siyo jina

Sisi dawa zote za homa tunaziita Panadol, hata kama lebo inasema jina jingine. Parasetamoli imo pia kwenye dawa nyingi za mafua, na hata vile vidonge vya kuweka njia ya haja kubwa. Ukimpa ya mafua na ya homa pamoja, umempa mara mbili bila kujua. Dawa za mafua na kikohozi zenyewe kwa watoto wadogo usizinunue bila kumuuliza daktari au mfamasia.

Ibuprofeni siyo ndugu wa kumzoea

Inashusha homa na maumivu, ndiyo, miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, mara 3 kwa siku na si zaidi, mtoto akiwa amekula. Lakini haifai kwa mtoto wa chini ya miezi 3, wala kwa mtoto anayetapika na kuharisha mpaka kapungukiwa maji, kwa sababu inaweza kuumiza figo. Haifai kwa mwenye tetekuwanga. Mwenye pumu muulizie kwanza. Na sisi wa Dar tunaikumbuka dengue ya 2014 na 2019: kwa dengue, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutokwa damu. Kama hujui homa ni ya nini, baki na parasetamoli.

Aspirini, hapana

Mtoto wa chini ya miaka 16 asipewe aspirini ila daktari mwenyewe akiandika. Kuna ugonjwa unaoitwa Reye, kwa jina la daktari wa Australia aliyeuandika mwaka 1963. Ni nadra, lakini unashambulia ini na ubongo, na umehusishwa na aspirini kwa watoto wenye homa za virusi. Vidonge vingi vya maumivu vya dukani kwa Mangi vina aspirini ndani. Nusu yake bado ni aspirini.

Nunua panapojulikana

Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa 4 za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na kemikali zinazoua figo. Watoto walikufa. Kwa hiyo nunua famasi au duka la dawa muhimu lililosajiliwa, angalia tarehe, angalia kizibo hakijaguswa, na usinunue dawa iliyomiminwa kwenye chupa isiyo na lebo.

Wakati wa kukimbia

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi, usihangaike na chupa, nenda hospitali. Mtoto yeyote asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea au haamki vizuri, anayepumua kwa shida, au aliyepata degedege, nenda. Na homa yoyote huku kwetu, apimwe malaria kwanza.

Kuhusu degedege, nilimuuliza daktari mbele ya mama mkwe, kwa makusudi. Alisema kushusha homa hakuzuii degedege, hata ukitoa dawa kila saa. Likitokea, mlaze mtoto ubavu, usimshike kwa nguvu, usimtie kitu mdomoni, wala dawa wala kijiko, kisha hospitali. Mama mkwe akatikisa kichwa taratibu. Akatuambia mtoto wake wa kwanza, kaka wa mume wangu ambaye hatukuwahi kumwona, alikufa kwa degedege usiku, dawa hakuna na zahanati mbali. Mume wangu naye alikuwa anaisikia habari ile kwa mara ya kwanza.

Nikaelewa ile nusu kidonge ilitoka wapi. Hasira yote ikaniisha.

Sasa tunafanyaje nyumbani? Tumebandika karatasi kwenye mlango wa friji yenye safu nne: saa, dawa, mililita, nani katoa. Anayempa mtoto dawa anaandika kabla hajafunga chupa. Dada anaandika, bibi anaandika, baba mwenye nyumba anaandika. Mwanzoni mume wangu aliona kama nimefungua zahanati. Sasa yeye ndiye wa kwanza kuuliza, "Karatasi inasemaje?" Mchana dada anaipiga picha anatutumia kwa simu. Nyumbani inakaa chupa moja tu ya homa, na kizibo chake nimeandika kwa kalamu nyeusi mililita za binti yetu. Kila akipimwa kliniki, tunabadilisha namba.

Kwa mama mkwe sikwenda na amri. Nilimwambia, "Mama, wewe umelea wengi kuliko mimi. Naomba unisaidie kuilinda hii karatasi, maana mimi na mwanao tuna haraka." Sasa ndiye mkali kuliko wote. Juzi alininyang'anya kijiko mkononi: "Hujaandika!"

Na mimi na mwenzangu? Tuliombana radhi wodini, usiku wa pili, kwa kunong'ona, tusimwamshe mtoto. Alisema lile neno lilitoka kwa woga. Nikamwambia langu pia. Toka siku hiyo tuna makubaliano: mtoto akiumwa, hatuulizani "nani kampa" kwa kumtafuta mkosaji. Tunauliza ili tujue saa.

Leo jioni, kabla hujalala, fungua lile boksi la dawa pamoja na mwenzako, msome lebo kwa sauti. Itawachukua dakika 10. Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa.