Kwanta si hirizi

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta, kwa azimio lililowasilishwa na Ghana. Ilikuwa karne moja tangu mwanafizikia Werner Heisenberg aandike makala iliyofungua njia ya kuielewa tabia ya atomu na chembe zilizo ndogo kuliko hiyo. Kutokana na elimu hiyo, yaani fizikia ya kwanta, tumepata leza, transista na saa za atomu. Mitaani kwetu, hata hivyo, jina la kwanta limetekwa na matapeli.

Katika vibanda vyao vya “vipimo vya kwanta”, mgonjwa hupewa kijiti cha chuma akishike kiganjani. Baada ya muda mfupi kompyuta hutoa ripoti ya figo, ini, moyo na mifupa yake, kisha anauziwa virutubisho vya kutibu kila kilichoandikwa humo. Wengine huuza vidani vya “nishati ya kwanta”, eti vinakinga mwili. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilionya kuhusu bidhaa 10 za namna hiyo, baada ya kubaini kwamba zinatoa mionzi inayoweza kumdhuru mtu akizivaa kwa muda mrefu.

Huu ni ulaghai. Kompyuta nyingi za kwanta zinazoundwa leo huhitaji chipu zake zipozwe hadi karibu nyuzi 273 za Selsiasi chini ya sifuri, kwa kuwa joto kidogo tu huvuruga hali ya kwanta inayotafutwa. Kijiti kilichoshikwa na kiganja chenye jasho hakiwezi kuisoma hali hiyo, na anayedai kinaweza anamwibia mgonjwa.

Onyo letu linawahusu pia wanaopanda mimbarini na kudai kwamba kwanta imethibitisha miujiza. Ni kweli kwamba chembe mbili zinaweza kufungamana hata zikiwa zimetengana mbali. Wanafizikia Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2022 kwa majaribio ya jambo hilo. Lakini mfungamano huo peke yake hauwezi kupeleka hata herufi moja kutoka chembe hii kwenda ile, sembuse uponyaji.

Hatusemi dini na sanaa zikae mbali na fizikia. Mwaka 1931 Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, alichapisha katika jarida la Nature makala kuhusu mwanzo wa ulimwengu kwa mtazamo wa nadharia ya kwanta. Papa Pius XII alipozungumza mwaka 1951 kana kwamba sayansi ya mwanzo wa ulimwengu inathibitisha uumbaji, Lemaître hakuridhika. Alishikilia kwamba nadharia yake haigusi swali la dini. Alikuwa sahihi: nadharia hurekebishwa, na imani iliyoegemezwa juu yake hutikisika siku hiyo. Kadhalika, wasomi wa leo wanapoilinganisha fizikia ya kwanta na hoja ya Imamu Ghazali kwamba moto si lazima uunguze pamba inapougusa, wanapata mjadala mzito juu ya sababu na matokeo, bila kudai kwamba mwanazuoni huyo aliyefariki mwaka 1111 alitabiri maabara. Na mwaka 2012 Zeilinger alipeleka majaribio halisi ya kwanta kwenye maonyesho ya sanaa ya Documenta, mjini Kassel. Mazungumzo ya aina hii yana heshima kwa sababu kila upande unaijua mipaka yake.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Vyuo vikuu vyetu viwakutanishe walimu wa fizikia, dini na sanaa, na mijadala yao iwafikie wananchi kwa Kiswahili. Viongozi wa dini wawaulize wanafizikia kabla ya kuhubiri fizikia. Vyombo vya habari, likiwemo gazeti hili, vikatae matangazo ya tiba hizi za “kwanta”. Na mamlaka za dawa na vifaa tiba zimtake kila mwenye mashine ya kijiti aoneshe ushahidi kwamba inafanya kazi. Asiye nao anyang’anywe na afikishwe mahakamani.

Dai hili la mwisho lisisubiri kongamano lolote. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa na kompyuta ya tapeli kwamba ni mzima anachelewa kwenda hospitali, na kuchelewa huko kunaua. Vibanda hivyo vifungwe sasa.