Chura wa Kihansi ni Amana Yetu
Katika korongo la Mto Kihansi, kwenye miteremko ya milima ya Udzungwa nchini Tanzania, ambako maporomoko ya maji yalikuwa yakirusha manyunyu usiku na mchana, aliishi chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyetaga mayai bali azaaye watoto walio hai, ambaye wataalamu walimgundua mwaka 1996, wala hajulikani kuwa na makao ya asili penginepo ulimwenguni. Mwaka 2000, maji yalipogeuzwa ili yaendeshe mitambo ya umeme, manyunyu yalipungua mno. Na ijapokuwa mabomba ya kunyunyizia yaliwekwa, maradhi ya kuvu yalizuka, hata mwaka 2009 chura huyu akatangazwa kuwa ametoweka porini. Alhamdulillahi, kizazi kilichokuwa kimehifadhiwa Marekani kilirejeshwa nchini, na mwaka 2012 kikaanza kuachiwa tena korongoni.

Wako wasemao kwamba umeme wa watu ni bora kuliko chura. Umeme ni haja, hilo halina shaka. Lakini kiumbe akishatoweka duniani hanunuliki kwa hazina yoyote. Kwa hiyo ni wajibu kila mradi mkubwa utanguliwe na uchunguzi kamili wa viumbe waliopo, kabla mto haujageuzwa, maana amana ya namna hii haina badali.