Kadi ya benki, kadi ya mkopo na "salio halitoshi": unalipa kwa pesa ya nani?

Ujumbe mmoja ulioingia kwenye simu ya studio umetufanya turudi kwenye jambo ambalo tulidhani limeshaeleweka. Msikilizaji wetu, mkulima wa korosho wilayani Newala, anasema alifungua akaunti ili alipwe malipo ya msimu, na benki ikampa kadi yenye nembo ya Visa. Jirani akamwambia kadi za namna hiyo ni za mkopo, ukiitumia tu umeshaanza kudaiwa. Tangu hapo kadi imelala chini ya godoro. Akihitaji pesa hupanda bodaboda hadi mjini, anapanga foleni dirishani, anarudi jioni.

Jirani amekosea, ila si yeye peke yake. Visa na Mastercard ni majina ya mitandao inayopitisha malipo kati ya benki na benki. Nembo hiyo haikuambii kama kadi ni ya mkopo au siyo, kwa sababu hukaa kwenye aina zote mbili. Geuza kadi yako, soma maandishi madogo. Ikiwa imeandikwa "Debit", hiyo ni kadi ya debiti: inachukua pesa iliyomo kwenye akaunti yako, na ikiisha, imeisha. Ikiwa imeandikwa "Credit", hiyo ndiyo kadi ya mkopo. Kwa kawaida mkulima au mwalimu anayefungua akaunti hupewa ya debiti. Ya mkopo huombwa kwa fomu yake, na benki hutaka kuona mshahara unaoingia kila mwezi au amana iliyowekwa kama dhamana. Huwezi kupewa kimyakimya bila kusaini.

Kadi ya mkopo yenyewe inafanyaje kazi? Benki inakuwekea kikomo, tuseme shilingi 1,000,000. Unanunua kwa pesa ya benki, kisha kila mwezi unaletewa hesabu. Ukilipa deni lote ndani ya siku ulizopewa, manunuzi yako mara nyingi hayatozwi riba. Kwenye hesabu hiyo pia kuna kiasi kidogo kinachoitwa malipo ya chini, na hapo ndipo wengi huteleza: ukilipa hicho tu unaonekana mlipaji mzuri, huku deni lililobaki likiendelea kuzaa riba. Na ukiitumia kutoa fedha taslimu kwenye ATM, kwa kawaida unatozwa ada na riba inaanza siku ileile.

Tusiionee, ina faida yake. Mwizi akipata namba za kadi ya debiti, anachota pesa yako, na wewe unabaki unafuatilia benki huku mfuko ukiwa mtupu. Kwenye kadi ya mkopo, pesa iliyoguswa ni ya benki wakati malalamiko yanachunguzwa. Kwa anayenunua vitu mtandaoni au kukodi hoteli nje ya nchi, hiyo ni sababu ya kutosha kuwa nayo.

Lakini tazama ilivyopangwa: mwezi kwa mwezi. Ilitengenezwa kwa mtu ambaye tarehe fulani mshahara unaingia. Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi hana tarehe hiyo. Minada huanza kwenye Oktoba, malipo ya AMCOS yanaingia kwenye akaunti katika wiki zinazofuata, na mwanzoni mwa mwaka mpya msimu umekwisha. Kuanzia hapo hadi Oktoba nyingine ni matumizi tu: palizi, salfa, sare za shule, hospitali. Deni linalodai kila mwezi kwa mtu anayepata mara moja kwa mwaka halimfai, hata riba ikiwa ndogo.

Hivyo kwa wengi wetu swali la kadi mbili halipo kwenye pochi. Lipo kwenye simu.

Unataka kulipa kwa lipa namba, simu inajibu kwamba salio halitoshi, halafu hapohapo inakuuliza kama ungependa kuongezewa pungufu. Huduma za aina hii, kama Songesha ya M-Pesa, ni mkopo. Ni jamaa wa kadi ya mkopo, ila hauna fomu wala dirisha, na mtu anaupata akiwa amesimama dukani na kilo ya sukari mkononi. Salio lako la kawaida ndiyo debiti yako. Ukibonyeza kukubali, umehamia upande wa pili, na pengine hukuhisi kwamba umevuka.

Tupige hesabu ya mfano, namba hizi tumeziweka sisi ili ieleweke. Umeongezewa shilingi 20,000 na ada ni shilingi 200 kwa siku. Ukirudisha baada ya siku tatu umelipa 600, chini ya nauli ya bodaboda, na huenda ilistahili. Deni likikaa siku 60 kwa ada hiyohiyo, umelipa 12,000 juu ya 20,000, na sukari ililiwa zamani. Ada halisi hutofautiana kwa kila mtandao, isome kwenye menyu kabla ya kubonyeza. Kinachobadilisha bei ya mkopo huu ni siku, kwa hiyo kabla ya kukubali jiulize pesa ya kurudisha inaingia lini. "Mambo yakikaa sawa" haihesabiki kuwa tarehe.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana, na kwetu ndilo zito kuliko ada. Deni la aina hii hujilipa lenyewe. Pesa yoyote inayoingia kwenye laini hukatwa kwanza. Mtoto aliye Dar es Salaam akituma 30,000 ya kumpeleka bibi yake zahanati, mtandao hauulizi ni ya nini. Unafika kwa wakala kutoa, unakuta 8,000. Mangi mwenye daftari, pamoja na maneno yake yote, ungeweza kumwambia, "Mangi, hii ya leo ni ya hospitali, nivumilie." Simu haina sikio hilo. Kama laini yako ina deni, waambie wanaokutumia pesa za dharura watumie laini nyingine, au lipeni kwanza deni mkijua kiasi chake.

Maoni yetu ni kwamba chumvi, sabuni, vocha na nauli zilipwe kwa pesa yako, iwe kwenye kadi ya debiti, simu au mkononi. Mkopo wa simu ubaki kwa pengo la siku chache ambalo unajua litazibwa na nini. Mahitaji makubwa ya msimu, kama salfa, yapelekeni AMCOS au kwenye kikoba, ambako marejesho yanaweza kupangwa kufuata mavuno na watu wanaofahamu kwamba Mei hakuna korosho.

Na msikimbilie programu za mikopo zinazotangazwa mitandaoni bila kuuliza leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali chake. Programu ikikuomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, jua ni hao watakaopigiwa siku ukichelewa.

Kwa ndugu yetu wa Newala: toa kadi chini ya godoro. Ikiwa imeandikwa "Debit", huna unachodaiwa kwa kuitumia. Kwenye duka lenye mashine unaichomeka na kuweka namba ya siri mwenyewe, na muuzaji asiondoke nayo. Ukinunua bidhaa kwa kawaida hutozwi ada, ila mwulize muuzaji kabla kama anaongeza chochote. Kutoa fedha ATM au kwa wakala wa benki kuna makato, kwa hiyo ni nafuu kutoa mara moja kiasi cha kutosha kuliko kutoa 10,000 mara tano. Namba ya siri usiiandike kwenye kitambaa ulichofungia kadi, kama mwenzako mmoja alivyotusimulia hapa studio, akicheka, mwaka mmoja baada ya kulia.